Golf ya TSI, Axela au Toyota ya turbo: namna ya kupima kabla hujatoa pesa

Haupiti mwezi bila jamaa kunipigia simu na swali lile lile: "Nina milioni moja unusu, nichukue Golf au Axela?" Golf ni ya Volkswagen, Axela ni ya Mazda. Naishi Mombasa, kazi hunipandisha Nairobi na Nakuru kila baada ya wiki mbili tatu, na nimeendesha magari madogo ya turbo na yasiyo na turbo kwa miaka kadhaa kwenye barabara hizo hizo. Kwa hiyo nami humuuliza kwanza: unaendesha wapi, na fundi wako ni nani? Wengi hunyamaza. Wamekwishaangalia picha mia moja za rimu na viti vya ngozi, lakini maswali hayo mawili hawajayagusa.

Nimeyaweka hapa ninayowaambia, kwa mpangilio ule ule ninaoufuata mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua ni TSI ipi unayouziwa

Herufi TSI, jina ambalo Volkswagen huzipa injini zake za petroli zenye turbo, hazikwambii mengi zikiwa mgongoni mwa Golf. Zimebandikwa kwenye injini za koo tofauti, na ukikosea ukoo umekosea bajeti.

Golf ya kawaida ya kizazi cha sita iliyouzwa Japani ilikuja na injini za ukoo wa EA111. Ipo 1.2 ya nguvu farasi 105, ipo 1.4 ya 122, na ipo 1.4 ya 160 ambayo ina turbo pamoja na kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini. Injini hizi zinatumia taimingi cheni, mnyororo unaofungua na kufunga vali kwa wakati wake. Udhaifu wa cheni hiyo na kikazio chake unajulikana duniani kote: ikilegea, injini ikiwashwa baridi hutoa mlio kama sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo, sekunde mbili tatu, kisha kimya. Ile ya 160 ina sifa nyingine mbaya, ya pistoni kupasuka. Inakwenda vizuri mno ikiwa nzima, na kwa sababu hiyo watu hushawishika. Ushauri wangu ni mmoja: ya 160 iache, hata ikiwa bei ni ya kutupwa.

Golf ya kizazi cha saba, iliyoingia sokoni Japani mwaka 2013, ina injini za ukoo wa EA211. Hapa cheni imeondolewa, umewekwa mkanda wa mpira, na kichwa cha silinda kimesukwa upya. Utazikuta mbili: 1.2 ya nguvu farasi 105 na torki, yaani nguvu ya kuvuta, ya Nm 175, na 1.4 ya nguvu farasi 140 na Nm 250, ambayo huzima silinda mbili kati ya nne pale unapoteleza bila kukanyaga mafuta sana. Jambo ambalo wauzaji hawalisemi, labda kwa sababu hawalijui, ni kwamba tofauti haiishii kwenye injini. Nyuma, ile ya 1.2 ina mhimili wa kawaida wa kujipinda, na ya 1.4 ina suspensheni ya mikono mingi. Ya 1.4 inakaa vizuri zaidi kwenye kona. Ya 1.2 ina bushi chache za kubadilisha. Kwa barabara zetu, mimi hufurahia uchache wa bushi.

Kwa mnunuzi wa Kenya anayeagiza nje, sheria ya miaka minane imekwishachagua kwa niaba yake. Mwaka 2026 huingizi gari lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2019, hivyo Golf ya saba utakayoiagiza ni ile iliyoboreshwa. Kizazi cha sita utakikuta mikononi mwa watu hapa nchini, kikiuzwa na mmiliki wa pili au wa tatu. Kwa ndugu zetu wa Tanzania mlango wa umri haujafungwa namna hiyo. Magari ya zamani bado yanaingia, ila huongezewa ushuru kwa umri wake. Mnunuzi wa Dar es Salaam kwa hiyo ana sababu kubwa zaidi ya kuuliza kwanza: cheni au mkanda?

Hatua ya 2: Andika barabara zako kwenye karatasi

Chukua karatasi. Andika safari zako za wiki nzima, kilomita ngapi, na nyanda gani. Turbo inafaa au haifai kulingana na karatasi hiyo.

Turbo ni gurudumu dogo la mapanga linalosukumwa na moshi wa injini, na upande wa pili lina gurudumu pacha linaloshindilia hewa kuingia ndani. Huzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika. Injini ndogo ikishindiliwa hewa huchoma mafuta zaidi kwa mpigo mmoja, ikavuta kama kubwa. Hilo wanalijua wengi. Wanalolisahau ni mwinuko.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na turbo haina namna ya kulifidia hilo, inavuta tu kilichopo. Axela ya 1.5 ina nguvu farasi 111 na torki ya Nm 144. Ipandishe Nairobi na utabaki na kama 94 na Nm 122. Fika Limuru, mita 2,200 na ushei, na umepoteza kama moja ya tano. Turbo huongeza kasi ya kuzunguka ili kufidia hewa pungufu, kwa hiyo Golf ya 1.2 hubaki karibu na Nm zake 175, na inazipata kuanzia mizunguko 1,400 tu, wakati Axela hufika kileleni ikiwa mizunguko 3,500.

Namba hizo unaziona kwa macho pale Mai Mahiu. Unatoka Naivasha, mmejaa wanne na mizigo, unapita lile kanisa dogo walilojenga mateka wa Kiitaliano wakati wa vita vya pili, na mlima unaanza. Mbele kuna lori la saruji linalotambaa. Gari lisilo na turbo linashuka gia mbili, injini inalia, na bado unahesabu moyoni kama nafasi inatosha. Golf ya 1.2 inashuka gia moja, wakati mwingine haishuki kabisa, na lori limebaki nyuma. Kwenye barabara ya Mombasa, kati ya Mtito Andei na Emali ambako unapita malori tangu asubuhi mpaka jioni, uwezo huo ni usalama, na mimi siwezi kuuchukulia kama anasa.

Sasa geuza karatasi. Kama maisha yako ni Nyali kwenda Kisiwani, au Likoni kwenda mjini kila asubuhi, uko usawa wa bahari. Hewa ni nzito, joto ni digrii 30 na zaidi, na foleni ya feri husogea urefu wa gari moja kwa dakika. Hapo faida ya turbo inayeyuka, na udhaifu wa giaboksi ndio unaojitokeza.

Hatua ya 3: Pima giaboksi kabla ya injini

Nitakaa hapa muda mrefu kidogo, kwa sababu pesa za watu hupotelea hapa.

Golf hizi, ya 1.2 na ya 1.4, zina giaboksi ya DSG ya gia saba inayoitwa DQ200. Ndani si otomatiki ya kawaida. Ni giaboksi ya gia za meno kama ya manyuali, yenye klachi mbili kavu zinazobonyezwa na kompyuta. Klachi ya kwanza inashika gia 1, 3, 5 na 7. Ya pili inashika 2, 4, 6 na rivasi. Wakati uko gia ya 3, ya 4 imekwishaandaliwa, na kubadili ni kuachia moja na kushika nyingine. Barabara ikiwa wazi, hakuna giaboksi tamu kuliko hii kwa bei hiyo.

Neno la kuangalia ni "kavu". Klachi hizi hazioshwi na oili, zinapozwa na hewa tu. Otomatiki ya kawaida ina toki konvata inayoteleza ndani ya mafuta bila kuumia. DSG kavu ikitambaa kwenye foleni inasugua klachi, zaidi ile ya kwanza, na joto linapanda. Kilomita 80,000 za barabara kuu na kilomita 80,000 za feri ya Likoni ni giaboksi mbili tofauti kabisa, ingawa dashibodi inasoma sawa.

Sehemu ya pili ni mekatroniki, lile boksi la vali, pampu na kompyuta lililobandikwa ubavuni mwa giaboksi. Mwaka 2013 Volkswagen iliyaita magari kwa matengenezo nchini China peke yake 384,181 kwa matatizo ya DSG, na mwisho wa mwaka huo ikatangaza kubadilisha oili ya giaboksi kwenye magari takriban milioni 1.6 duniani, kutoka oili ya kutengenezwa maabara kwenda ya madini, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa ikileta hitilafu ya umeme ndani ya mekatroniki. Golf za mwanzo wa kizazi cha saba ziko ndani ya kipindi hicho, kwa hiyo namba ya chesisi ichunguzwe kama kazi hiyo ilifanyika. Udhaifu mwingine ni ufa kwenye nyumba ya mekatroniki pale panapofungwa kile kikopo cha kuhifadhi shinikizo. Ufa ukitokea, oili inatoka, shinikizo linaanguka, alama ya spana inawaka na gari linapoteza gia. Ukifikwa na hili usikubali haraka kuuziwa giaboksi nzima. Wapo mafundi wanaotengeneza nyumba hiyo peke yake.

Jinsi ya kuijaribu. Injini iwe baridi. Weka D, achia breki bila kukanyaga mafuta, liache litambae lenyewe. Linapaswa kuondoka kama mashua inayoachia gati, pole pole, bila mtetemo. Mtetemo mfupi wa kg'r-kg'r unaousikia sakafuni ukitoka gia ya 1 kwenda ya 2 ni klachi iliyochoka. Tafuta kijilima, panda kwa rivasi ukilishika na breki kidogo: hapo klachi ya pili inajieleza. Kisha endesha nusu saa ukiwa na kiyoyozi, ingia kwenye foleni makusudi, urudie mtihani wa kutambaa gari likiwa moto. DSG mbovu mara nyingi huficha ugonjwa ikiwa baridi na kuutoa ikiwa moto, au kinyume chake. Ndiyo maana unataka hali zote mbili.

Hapa nina kidonda changu. Gari langu la kwanza la klachi mbili, la kampuni nyingine, nililinunua kwenye yadi moja. Nilipofika boneti lilikuwa la moto. Muuzaji akasema wamelisogeza kulipeleka kuoshwa. Nikaliendesha, likawa laini kama siagi, nikalipa. Kesho yake alfajiri, kwenye maegesho ya nyumbani, likaruka kama punda aliyechomwa mwiba. Tangu siku hiyo nikifika kwenye gari, kabla hata ya salamu kukamilika, kiganja changu kiko juu ya boneti. Likiwa la moto nasema nitarudi kesho saa moja asubuhi, lisiwashwe.

Na ukishakuwa nalo, lifundishe kuishi kwenye foleni: acha nafasi ya magari mawili mbele, ndipo usogee mara moja, usilivute kidogo kidogo. Ukisimama, kanyaga breki sawasawa. Ukiigusa nusunusu klachi inaendelea kusugua.

Hatua ya 4: Wapange washindani kwa haki

Axela ya 1.5, na ile iliyoirithi mwaka 2019 kwa jina la Mazda3, ndiyo mshindani wa kweli. Nguvu zake nimezitaja. Ubora wake ni giaboksi: otomatiki ya kawaida ya gia sita, yenye toki konvata inayojifunga mapema, hivyo inabadili karibu kwa wepesi wa DSG na haichoki foleni. Usukani wake uko hai, kazi ya ndani ni safi, na fundi yeyote anayejua Mazda anaimudu. Haina turbo ya kuharibika. Udhaifu wake ni ule mlima, na kelele za matairi zinazoingia ndani barabara ikiwa ya kokoto. Ukiambiwa Axela ya dizeli ni "turbo pia, na haili mafuta", angalia kama safari zako ni ndefu. Dizeli hizo hukusanya masizi zikizungushwa mjini tu, na kusafisha ni kazi ya gharama.

Mshindani ambaye wengi hawamfikirii ni Toyota mwenyewe. Kuanzia 2015 Auris iliuzwa Japani na injini ya 1.2 ya turbo, nguvu farasi 116 na Nm 185, na injini hiyo hiyo ikaingia kwenye Corolla Sport kuanzia 2018. Torki inaanzia mizunguko 1,500, kama Golf, lakini nguvu inakwenda kwenye magurudumu kupitia CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua. Haina utamu wa DSG. Ukikanyaga, injini inapanda sauti na gari linakufuata baadaye kidogo. Foleni haiitishi. Kwa mtu anayeishi nyanda za juu na hataki kusikia neno mekatroniki maishani mwake, hili ndilo gari ningemtafutia kwanza. Shida ni kwamba yako machache, na muuzaji akikuonyesha Auris, mara nyingi ni ya 1.5 isiyo na turbo au haibridi. Angalia msimbo wa injini: turbo ni 8NR.

Subaru Impreza ya 1.6 naitaja kwa sababu inaulizwa. Nguvu farasi 115, Nm 148, gari zito, CVT. Usawa wa bahari inatosha, Nairobi inachoka. Kama unakaa penye tope na umeipata inayosukuma magurudumu yote manne, sawa.

Suzuki Swift RSt, ya 1.0 turbo, nguvu farasi 102 na otomatiki ya kawaida ya gia sita, ni nyepesi, haizidi tani moja, na inapanda kama mbuzi. Buti lake ni dogo, Golf ina lita 380. Kwa familia ya mume, mke na mtoto mmoja inatosha.

Halafu kuna Honda Fit Hybrid ya kizazi cha 2013 hadi 2020. Wapo wanaoikimbia Golf kwa kuogopa klachi mbili, wanakwenda kununua Fit hii, bila kujua kuwa nayo ina giaboksi ya klachi mbili kavu ya gia saba, na Honda yenyewe iliyaita magari hayo zaidi ya mara moja kwa sababu ya programu ya giaboksi hiyo. Kama hofu yako ni klachi mbili, basi iwe hofu ya haki.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya mwaka, usipige ya siku ya kununua

Golf inasifiwa kwa kula mafuta kidogo. Tuipime. Tuseme unakwenda kilomita 15,000 kwa mwaka, Golf inakupa kilomita 14 kwa lita na Axela 13. Golf itatumia lita 1,071, Axela 1,154. Tofauti ni lita 83. Kwa bei ya shilingi 180 umeokoa kama shilingi 15,000 kwa mwaka. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, hutangaza bei kila tarehe 14, ingiza ya mwezi wako.

Sasa fungua kifuniko cha tangi la Golf, usome kibandiko. Kimeandikwa 95, au kwa Kijapani kile wanachokiita haioku, yaani petroli ya daraja la juu. Injini ya turbo inayoshindilia hewa inataka petroli isiyojilipukia ovyo. Ukiweka ya daraja la chini kompyuta hurudisha nyuma muda wa cheche ili kuilinda injini, na unapoteza zile nguvu ulizozilipia. Tuseme petroli bora inakuzidi shilingi 20 kwa lita: 1,071 mara 20 ni shilingi 21,420. Akiba yako ya mafuta imekwisha na umeongeza nyingine juu. Axela ya 1.5 inakunywa petroli ya kawaida.

Oili nayo. Japani huachiwa kilomita 15,000. Kwa vumbi, joto na foleni zetu, mimi hubadilisha kwenye 7,000 na sijawahi kujuta. Inaingia kama lita 4 tu, lakini iwe na alama ya VW 502 00 au 504 00 kwenye chupa, kwa sababu oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha ekseli ya turbo. Spea za Golf zipo tele Kirinyaga Road, Nairobi, halisi na bandia zikiwa zimepangana rafu moja, na bei ikiwa nusu ya ile uliyoambiwa kwingine, shika hiyo spea uitazame mara mbili.

Kwa hiyo kwenye hesabu ya Golf naongeza mstari ambao kwenye Axela siuweki: akiba ya giaboksi, asilimia 10 ya bei ya kununulia, kwenye akaunti tofauti, tangu siku ya kwanza. Kwa gari la milioni moja unusu ni shilingi 150,000. Kama kuitenga fedha hiyo kunakufanya ushindwe kulinunua gari, basi gari hilo bado, chukua Axela ulale usingizi.

Kuna faraja moja ya upande wa kodi: magari yote haya ya turbo ya petroli yako chini ya 1500cc, ambako ushuru wa bidhaa nchini Kenya ni wa daraja la chini kuliko injini kubwa. Unapata mvuto wa 1.8 kwa ushuru wa 1.2.

Hatua ya 6: Tafuta fundi kabla ya kutafuta gari

Fundi wa kila gari ni mtu mzuri, lakini huyu simtaki kwa DSG. Mwendee fundi na umuulize mambo mawili. La kwanza, ana mashine inayoingia ndani ya kompyuta za Volkswagen, si kile kisomeo cha bei rahisi kinachotoa msimbo wa injini peke yake? La pili, akuambie kwa maneno yake jinsi anavyosoma uchakavu wa klachi ya kwanza na ya pili, na jinsi ya kuifundisha giaboksi upya baada ya kazi, yaani kuiacha kompyuta yake ijipime tena na klachi. Akijibu "tutafungua tuone", mshukuru, ondoka.

Mombasa mafundi wa namna hii ni wa kuhesabu, Nairobi ni wengi zaidi. Ukikaa Malindi, Kisii au Garissa, jiulize gari likigoma gia utalipeleka wapi na kwa lori la nani. Kwangu hilo peke yake limewahi kutosha kumwambia binamu yangu wa Lodwar aachane na Golf, na nilimwambia hivyo ingawa nililipenda lile gari kuliko yeye.

Hatua ya 7: Siku ya ukaguzi

Asubuhi, boneti baridi, nenda na fundi wako. Dirisha chini, redio imezimwa. Washa, usikilize sekunde tatu za kwanza, kisha shuka ukasimame mbele ya gari.

Kwenye EA211, upande wa giaboksi, mkono wako wa kulia ukiwa unaitazama injini, karibu na betri, kuna nyumba ya plastiki yenye pampu ya maji na thamostati pamoja. Pampu hii ina kamkanda kake kadogo. Mulika tochi chini yake. Ukiona michirizi ya unga wa pinki uliokaukia kwenye bati, kama chumvi iliyobaki kwenye jiwe la ufukweni, ni kulanti, maji ya kupozea injini, iliyovuja. Ni kasoro ya kawaida ya injini hizi na inatengenezeka, lakini ipunguzwe kwenye bei. Angalia na kopo la kulanti: kama ndani ni maji meupe ya bomba, mwenye gari amekuwa akijaza badala ya kutibu, na hapo nina wasiwasi na mengine yote.

Acha injini iungurume dakika nne bila kuguswa, kisha mtu akanyage mafuta ghafla ukiwa nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayopita kwenye mihuri ya turbo au vali. Ukiachia mafuta na kusikia mlio wa bati linalogongana karibu na ukuta wa injini, ni mlango wa kupunguza shinikizo la turbo uliolegea.

Barabarani, gia ya 3, mizunguko 1,500, kanyaga nusu. Gari livute mfululizo bila kusita na bila kushtuka. Baada ya kurudi, fundi asome kompyuta zote, ya giaboksi hasa, na aangalie kama makosa yamefutwa asubuhi hiyo hiyo. Kumbukumbu tupu kabisa kwenye gari la miaka saba inanitia shaka kuliko makosa mawili madogo.

Karatasi ni fupi: lililotoka Japani, omba karatasi ya mnada na ulinganishe namba ya chesisi na kilomita. Lililotumika hapa, tafuta umiliki NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, na uliza risiti za oili. Asiye na risiti hata moja ya gari la turbo, bei yake ishuke kwa kiasi cha akiba ya giaboksi.

Wiki ya kwanza ukishalichukua

Badilisha oili na filta siku hiyo hiyo, hata kama umeambiwa ilibadilishwa juzi. Weka plagi mpya, maana turbo inaonea plagi zilizochoka kabla ya kitu kingine chochote. Fundi aifundishe DSG upya, kazi ya muda mfupi ambayo mara nyingi huondoa kasoro ndogo za kutambaa. Mkanda wa taimingi, kama hakuna karatasi ya kuonyesha umri wake, fundi aufunue auangalie nyufa. Kisha andika kilomita na tarehe kwenye kipande cha karatasi, ukibandike ndani ya mlango wa dereva, mahali utakapokiona kila ukifungua.